Uzi: Kuandika muziki na milio ya gemu za Famicom kwa asembli

#1 MzeeWaRejista

Wakuu salaam. Kwenye uzi wa emuleta (programu za kuigiza mashine za gemu) kuna mdau aliuliza muziki wa gemu za Famicom, mashine ya Nintendo ambayo nje ya Japani iliitwa NES, ulirekodiwa studio gani. Swali zuri ila jibu lake refu, na si vizuri kuteka uzi wa watu, kwa hiyo nimefungua huu.

Haukurekodiwa popote. Kaseti ya Super Mario Bros. (1985) ina KB 32 za programu na KB 8 za picha, gemu nzima imo humo. Dakika moja tu ya muziki wa ubora wa CD inakula zaidi ya MB 10. Alichokiweka mtunzi wake Koji Kondo mle ndani ni maagizo: noti ipi, ikae muda gani, ipigwe na chaneli ipi. Mlio unazaliwa ndani ya mashine wakati unacheza. Ndiyo maana naanza na chipu kabla ya muziki, na msimamo wangu nautoa mapema: kwenye mashine hizi, mtunzi asiyejua rejista (visanduku vya namba vinavyoiamuru chipu) ni nusu mtunzi. Anayebisha aje.

Chipu inaitwa Ricoh 2A03. Ni prosesa ya ukoo wa 6502 iliyoondolewa hesabu za desimali, na ndani ya kipande hichohicho wamebana sehemu ya sauti. Saa yake ni megahezi 1.789773 kwenye mashine za Japani na Marekani. Chaneli ni tano: mbili za wimbi la mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na ya tano inacheza sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Kila chaneli ina rejista zake nne, kuanzia $4000 hadi $4013 (alama ya $ ni namba za msingi wa 16), halafu ipo $4015 ya kuwasha na kuzima.

Mraba una vitu vitatu vya kuchezea: upana wa wimbi (asilimia 12.5, 25, 50 au 75), ukubwa wa sauti kuanzia 0 hadi 15, na kipindi cha biti 11, namba inayoamua noti iwe nene au nyembamba. Hiyo 75 usiipotezee muda, sikio linaisikia kama 25. Pembetatu haina ukubwa wa sauti kabisa, ama inalia ama imenyamaza. Kwa kipindi kilekile inalia oktava moja chini ya mraba, ndiyo maana karibu kila gemu imeipa besi. Kelele ina kasi 16 na namna mbili za kulia, moja ya kushindilia kama mvua na nyingine ya kibatibati.

Huu hapa mlio wa kwanza kwa asembli, lugha ya kumwamuru prosesa moja kwa moja:

```
    lda #$01
    sta $4015 ; washa mraba wa kwanza
    lda #$BF ; upana 50%, sauti 15
    sta $4000
    lda #$08 ; nitaieleza mtu akiuliza
    sta $4001
    lda #$FD ; kipindi, biti 8 za chini
    sta $4002
    lda #$00 ; kipindi, biti 3 za juu
    sta $4003
```

$FD ni 253. Hesabu yake: chukua 1,789,773, gawa kwa 16, gawa tena kwa frikwensi unayoitaka, toa moja. Noti ya La ya hezi 440 inakuja 253.2, unaandika 253, mashine inalia 440.4. Desimali hakuna. Ukipanda sana kwenye noti nyembamba, hatua kati ya kipindi na kipindi zinakuwa kubwa na noti zinatoka kombo, kwa hiyo melodia isiende huko bila sababu.

Huo ni mlio mmoja usiokoma. Ili uwe muziki unahitaji injini, yaani programu ndogo ya kuusoma na kuupiga wimbo. Kila skrini ikimaliza kuchorwa, chipu ya picha inamkatiza prosesa, kama mara 60 kwa sekunde. Kila katizo unaita injini mara moja. Injini inapunguza kihesabu cha kila chaneli; kikifika sifuri inasoma baiti inayofuata ya wimbo. Mimi nimepanga hivi: baiti chini ya $60 ni noti, kati ya $60 na $7F ni urefu, $80 kwenda juu ni amri kama rudia, badili ala, maliza. Noti inatafutwa kwenye jedwali la vipindi. Baada ya hapo kila chaneli inasoma jedwali la sauti la ala yake, namba moja kwa kila fremu (skrini moja): 15, 12, 10, 8, 7, 6... Jedwali hilo ndilo linalofanya mraba usikike kama kinanda badala ya king'ora. Tofauti ya ala na ala hapa ni orodha fupi ya namba, basi.

Kuhusu milio ya gemu (kuruka, risasi, sarafu): chaneli hazitoshi, kwa hiyo mlio unaupora muziki. Kwenye Super Mario Bros. mlio wa kuruka unachukua mraba wa kwanza na wa sarafu unachukua wa pili. Sikiliza vizuri utagundua sauti moja ya wimbo imekatika hapo katikati. Jambo la kuzingatia ni kwamba wimbo usisimame wakati umeporwa. Injini iendelee kuhesabu noti zake kimyakimya, iandike matokeo kwenye baiti za RAM (kumbukumbu ya muda) badala ya rejista. Milio iandike juu yake. Mwisho wa kazi unakili yote kwenda $4000 kwa mkupuo. Ukiandika moja kwa moja kwenye rejista kutoka kila kona ya programu, utalia.

RAM ni baiti 2048 kwa gemu nzima, kumbuka. Injini isijione bosi.

#2 chapaa_ndogo

Nafuatilia. Mkuu hii ndiyo JF ya zamani tuliyoizoea, siyo nyuzi za umbea kila siku.

#3 SalumuWaTanga

Mkuu nina swali la siku nyingi. Sisi tuliokulia zile TV gemu za kichina zenye kaseti za njano tunazijua nyimbo hizi kwa kasi fulani. Sasa nikifungua gemu ileile kwenye emuleta ya simu, muziki unakimbia. Nani yuko sahihi, emuleta au utoto wangu?

#4 MzeeWaRejista

@SalumuWaTanga wote mko sahihi, na hili ndilo jambo linalonifurahisha kuliko yote.

Nimesema injini inaitwa mara moja kwa kila skrini. Gemu ziliandikwa Japani, skrini 60 kwa sekunde. TV zetu za wakati ule zilikuwa za mfumo wa PAL, skrini 50. Wimbo uliopangwa fremu 6 kwa kila hatua, hatua nne kwa pigo, unakwenda mapigo 150 kwa dakika Japani. Kwenye skrini 50 ni mapigo 125. Hakuna aliyeupunguza kasi makusudi. Injini imeitwa mara chache zaidi, basi.

Kuna kisa kingine ndani yake. NES rasmi ya Ulaya ilipunguza na saa ya prosesa pia, ikawa megahezi 1.662607. Kule La yetu ya kipindi 253 inatoka 409, yaani imeshuka zaidi ya nusu toni moja, ila haijafika toni nzima. Muziki taratibu na sauti nzito. Lakini mashine za kopi zenye chipu za kampuni ya UMC, UA6527P kwa jina, zilifanya ujanja: skrini 50, ila saa imebaki 1.773448. La inatoka 436, mtu wa kawaida hasikii tofauti. Kwa hiyo wewe ulisikia wimbo wenye sauti karibu sawa na ya Japani ila mwendo wa Ulaya. Mtoto wa London mwenye mashine rasmi hakuusikia huo.

Na ukisema hata rangi ya sauti ilikuwa tofauti nitakuamini. Kopi nyingi zimebadilishana upana wa 25 na 50. Penye mlio mwembamba unasikia mnene, na kinyume chake.

#5 MpigaRizim

Mimi ni mtu wa gitaa, kompyuta najua kuwasha na kuzima, lakini uzi huu umenishika. Ukisema miraba miwili, pembetatu na kelele, mimi nasikia solo, rizim, besi na drams. Sasa rizim bila kodi (chord) inakuwaje? Noti moja kwa wakati mmoja haiwezi kuwa kodi.

#6 MzeeWaRejista

@MpigaRizim kaka umeuliza swali lenyewe. Njia ni mbili, na zinatofautisha shule mbili za watunzi.

Ya kwanza ni kudanganya sikio. Kodi ina noti tatu? Fremu hii piga ya kwanza, inayofuata ya pili, halafu ya tatu, rudi mwanzo. Kila noti inarudi mara 20 kwa sekunde, na sikio linaiunganisha kuwa kodi yenye mtetemo wa kukwaruza. Waingereza waliolelewa na kompyuta ya Commodore 64, ambayo chipu yake ya SID ina sauti tatu tu, walikuwa mabingwa wa mchezo huu. Msikilize Tim Follin kwenye Silver Surfer ya 1990. Gemu yenyewe ngumu hadi inakera, wengi wanaishia kusikiliza tu.

Ya pili ni ya Wajapani wengi: hawapigi kodi, wanaacha mistari miwili itembee na besi, na kodi unaisikia kichwani mwako. Ukipiga Do kwenye besi, Mi kwenye mraba mmoja na Sol kwenye mwingine, nani atakuambia kodi haipo?

Halafu kuna mwangwi. Ukiwa na mraba wa pili hauna kazi, mpe melodia ileile, ianze fremu chache baadaye kwa sauti ndogo. Ukumbi mzima unafunguka. Usipoweza kuuspea mraba huo, chomeka noti iliyopita kwa sauti ya 3 au 4 kwenye mapengo ya melodia yenyewe. Baiti chache tu zimekununulia ukumbi.

Na drams usizifungie kwenye kelele peke yake. Chukua pembetatu, ipe noti ya juu kisha iporomoshe kwa fremu tatu nne, hilo ni teke la dramu. Besi inanyamaza kidogo hapo na hakuna anayegundua.

#7 KijanaWaKisauni

Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa. Nimefuata maelezo, mraba unalia vizuri, lakini kuna mambo mawili yanitatiza. Noti za chini zikifika pale karibu na La ya 110 zapotea kabisa, kimya, ilhali jedwali langu nimelipiga hesabu mara mbili na liko sawa. Na nikitia mtikisiko kwenye noti ndefu, kila mara chasikika kitu *tik tik tik*. Ni emuleta yangu ama ni mimi?

#8 MzeeWaRejista

@KijanaWaKisauni, nadhani kwenye $4001 umeandika $00. Nilisema nitaieleza mtu akiuliza.

Rejista hiyo ni ya kuteleza, inapandisha au kushusha noti yenyewe. Ukiizima haiteleshi, lakini bado inapiga hesabu ya kipindi ambacho *ingefikia*, na ikiona kinazidi 2047 inanyamazisha chaneli. Ukiweka sifuri, kipindi hicho ni kipindi chako mara mbili. La ya 110 ni 1016. Mara mbili ni 2032, inapona. Nusu toni moja chini yake ni 1076. Mara mbili 2152, kimya. Ile $08 inaigeuza hesabu iwe ya kutoa badala ya kujumlisha, na mlango huo haufungi tena. Weka $08 kwenye $4001 na $4005, besi zako zitarudi.

Tik tik inatoka $4003. Kila ukiiandika, wimbi linaanzishwa upya kutoka mwanzo, na mkato huo ndio unaousikia. Weka nakala ya biti za juu kwenye RAM; kama hazijabadilika, andika $4002 peke yake. Mtikisiko ukivuka mpaka wa biti hizo utasikia tik moja hapo. Watunzi wengine waliepuka tu kuweka noti za kutikisika jirani na mpaka. Ndiyo yaleyale ya nusu mtunzi.

#9 KijanaWaKisauni

Besi zimerudi, tik imekwisha. Shukrani sana.

#10 Bi_Baiti

Naona chaneli ya tano mnaipita mbali kama deni. Niiongelee mimi.

Hiyo inasoma biti moja moja kutoka kwenye kaseti. Biti ikiwa moja, sauti inapanda ngazi mbili. Ikiwa sifuri inashuka mbili. Basi, hakuna kingine. Kasi ziko 16, ya chini ni kilohezi 4.2 hivi, ya juu 33.1. Sampuli lazima ikae kuanzia $C000 kwenda juu, na haizidi baiti 4081. Kwa kasi ya juu baiti zote hizo zinaisha kabla sekunde haijatimia. Kwa hiyo sahau kuimba. Weka dramu, konga, labda neno moja la kukohoa. Super Mario Bros. 3 (1988) ngoma zake nzuri zinatoka huku. Sunsoft walikwenda mbali zaidi, wakaweka sampuli za gitaa la besi. Sikiliza Journey to Silius yao ya 1990 halafu urudi kubishana kwamba Famicom haina besi.

Lakini kuna mtego ambao MzeeWaRejista angewaonya. Chaneli hii inapokwenda kuchukua baiti, inamsimamisha prosesa kidogo. Ikitokea prosesa alikuwa anasoma padi (vitufe vya mchezaji) kupitia $4016 sekunde hiyohiyo, biti moja ya padi inapotea, na mwisho wa safari gemu inaona kama umebonyeza kulia. Mtu wako anatembea mwenyewe kwa sababu dramu imelia! Dawa: soma padi mara mbili, zikilingana kubali, zisipolingana soma tena. Mashine rasmi za Ulaya zilirekebishwa, za Japani na Marekani hazikurekebishwa.

#11 MzeeWaRejista

@Bi_Baiti dada, nilikuwa nakuachia nafasi. Niongeze dogo: ukiandika namba kubwa kwenye $4011, pembetatu na kelele zinapungua sauti, kwa sababu zote tatu zinachanganywa pamoja na mchanganyiko wenyewe haujanyooka. Ni njia pekee ya kuipunguza pembetatu.

#12 DaktariWaKodi

Samahani nije na maji baridi. Kwanza, hayo yote ya nini? Super Famicom, mashine iliyoifuata Famicom, ilikuwa na chaneli 8 za sampuli halisi, jitese pale angalau upate violini. Pili, hiyo kauli ya nusu mtunzi siikubali. Koichi Sugiyama aliandika muziki wa Dragon Quest mwaka 1986 akitokea kwenye muziki wa televisheni na matangazo. Programu waliandika wengine. Utamwita nusu mtunzi?

#13 MzeeWaRejista

@DaktariWaKodi karibu, nilikuwa nakusubiri.

La kwanza: Super Famicom haikuondoa mateso, iliyahamisha. Chipu ya sauti ina RAM yake KB 64, na humo ndimo mnakaa wote: injini, nyimbo, na kila sampuli. Sampuli zinabanwa, alama 16 ndani ya baiti 9. Unataka mwangwi? Kila milisekunde 16 za mwangwi zinakula KB 2. Ukiuvuta hadi mwisho, milisekunde 240, zimekwenda KB 30, karibu nusu ya nyumba. Violini yako itabidi iwe mkwaruzo mfupi unaorudiwa rudiwa, na kazi ya kuukata pale pasiposikika kiungo ni ya mtu anayejua baiti.

La pili: Sugiyama simgusi. Lakini sikiliza alichokiandika, mistari michache iliyo wazi, kila mmoja unasimama peke yake. Huyo mtu alijua nafasi aliyopewa hata kama hakuandika asembli. Nikisema kujua rejista simaanishi kuzichapa kwa mkono. Halafu weka pembeni Hirokazu Tanaka, aliyetunga Metroid (1986) na pia kushiriki kuitengeneza sauti ya Game Boy, au Yuzo Koshiro aliyejirekebishia lugha yake ya kuandikia muziki kwenye kompyuta ya PC-88 na kutolea humo Streets of Rage ya Mega Drive, mashine ya Sega. Kwa hao wawili huwezi kuonyesha programu inaishia wapi na wimbo unaanzia wapi.

#14 DaktariWaKodi

"Simaanishi kuzichapa kwa mkono." Umeanza kurudi nyuma kidogokidogo mzee. Haya, nakupa nusu.

#15 SalumuWaTanga

Swali la nyongeza. Kuna kaseti za Japani zilikuwa na chipu za sauti za ziada, au ni hadithi?

#16 Bi_Baiti

Si hadithi. Famicom inapitisha sauti yake kwenye kaseti yenye pini 60 kabla ya kwenda kwenye TV, kwa hiyo kaseti inaweza kuongeza yake. Konami waliweka VRC6 kwenye Akumajō Densetsu (1989): miraba miwili zaidi na wimbi la msumeno. NES ya Marekani, pini 72, haikuunganisha njia hiyo, kwa hiyo toleo la kule, Castlevania III, limepangwa upya kwa chaneli tano za kawaida. Sikiliza yote mawili mfululizo. Mimi naona la Marekani limebanwa hadi likawa kali zaidi, ila wengi watanipinga.

#17 KijanaWaKisauni

Narudi tena. Nataka kuweka chakacha, sita kwa nane, kasi ya mapigo 105 hivi. Nikiweka fremu 6 kwa hatua na hatua mbili kwa kila nane, nane tatu zikiwa pigo moja, napata 100, yalegea. Nikiweka 5 yaruka hadi 120, hiyo si chakacha tena, ni mbio. Katikati hakuna kitu?

#18 Bi_Baiti

Kipo. Acha kuhesabu fremu nzima. Tumia kijumlishi cha baiti moja: kila fremu ongeza namba, baiti ikifurika ndipo wimbo usogee hatua.

```
    lda hesabu
    clc
    adc kasi ; 45 kwa skrini 60, 54 kwa skrini 50
    sta hesabu
    bcc bado
    jsr hatua_mpya
bado:
    jsr jedwali_la_sauti
```

Kwa 45 hatua inakuja kila baada ya fremu 5.69 kwa wastani, hiyo ni mapigo 105 na nusu. Na angalia zawadi: kwenye mashine ya akina Salumu ukiweka 54 badala ya 45, mwendo ni uleule.

#19 MzeeWaRejista

Mwendo ndiyo, lakini jedwali la sauti bado linasomwa mara 50. Noti iliyokuwa inafifia kwa fremu 12 itachukua robo sekunde kasoro kidogo badala ya moja ya tano, na mtikisiko utalegea. Kwenye chakacha ngoma zake fupi, atasikia. Mimi kwenye skrini 50 naiita injini nzima mara mbili kila fremu ya tano: 50 na 10 ni 60, kila kitu kinarudi pale pale.

#20 Bi_Baiti

Na fremu hiyo ya tano gemu yenye maadui wengi inakwama, kwa sababu injini imekula muda mara mbili. Chagua ugonjwa wako.

#21 KijanaWaKisauni

Nimechukua ya dada, 45, imekaa sawasawa. Ya skrini 50 nitaijaribu nikipata mashine yenyewe. Hapa Mwembe Tayari naambiwa kuna fundi anazo mbili, hazina adapta.

#22 MzeeWaRejista

Adapta usikisie. Nyingi ya hizo plagi yake iko kinyume na ulivyozoea, hasi katikati. Pima kwanza na mita kabla hujachomeka, na ukishawasha rekodi sekunde chache za mraba wa asilimia 25 utuwekee hapa tuone kama ni zile zilizobadilishana.